Maswali ya Wasomaji: Kumwandika Mama Aliyetutoka

Barua nyingi mwezi huu zimetoka kwenye nyumba zenye msiba, kuanzia Nakuru hadi Bungoma. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kwa wote walioandika, poleni sana.

Mke wangu wa ndoa ya miaka 46 alitutoka wiki jana na mazishi ni Jumamosi ijayo. Watoto wameniletea wasifu wa mama yao. Nimeusoma mara tatu na simwoni humo. Unasema alikuwa mcha Mungu, mchapakazi na mkarimu. Ni kweli, lakini maneno hayo hayo niliyasikia kwenye mazishi ya jirani. Huyu aliuza omena pale Dunga miaka 22, na watoto sita wakasoma. Tumwandikeje?
*Mzee wa Nyalenda, Kisumu*

Jaduong', mzee wetu, pokea pole zetu. Wasifu huo hauna uongo, ila umekosa vitu vya kushikika. Ukisema "mchapakazi" umemnyima msikilizaji kazi yenyewe. Chukueni kalamu, kila neno la sifa mlipigie mstari, kisha mjiulize: tulimwona akifanya nini mpaka tukamwita hivyo? Jibu ndilo liandikwe, na lile neno la sifa lifutwe.

Omena huvuliwa usiku kwa taa na mashua hurudi kukipambazuka. Mama anayechelewa kufika mwaloni hukuta mabaki. Basi aliamka saa ngapi? Alitembea au alibebwa na boda boda? Alinunua kwa karai, na karai hilo alilibeba nani? Alipozianika juu ya nyavu na wingu likatanda saa nane mchana, nani alikimbia kuzikusanya? Tunauliza hilo kwa sababu omena zikilowa zikiwa zimekauka nusu huanza kunuka na kubadilika rangi, na mtaji wa siku umekwenda. Na gorogoro lake, lile kopo la kupimia, je? Alilijaza mpaka likachuruzika, au alisawazisha kwa kiganja? Wateja wake wanakumbuka vizuri sana. Kama ni kweli, sentensi kama hii inatosha kubeba sifa zote tatu: "Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshasali na yuko njiani kwenda mwaloni; jioni, aliyekuja na shilingi pungufu aliondoka na gorogoro lililojaa."

Habari hizo hamnazo zote nyumbani. Nyingine ziko kwa kina mama waliokaa naye sokoni, kwa aliyekuwa mweka hazina wa chama chao, kwa mwalimu aliyepokea karo kidogo kidogo. Wekeni daftari kwenye hema la matanga na mjukuu mmoja mwenye subira. Awaulize wageni mambo matatu: ulimjua wapi, alikufanyia nini, na neno gani alipenda kulisema. Kando ya kila jibu aandike jina na namba ya simu, ili jambo likitiliwa shaka muweze kuuliza tena. Fanyeni leo. Baada ya mazishi kila mtu hurudi kwake, na kuwapata tena ni kazi.

Kuhusu urefu, maneno 600 hadi 700 husomwa kwa dakika tano au sita kwa sauti ya utaratibu, na zaidi ya hapo watu huanza kuangalia saa. Kuzaliwa, shule na ndoa vitengewe aya moja au mbili. Nusu nzima ipewe ile miaka 22 ya Dunga na nyumba aliyoijenga kwa miaka hiyo. Ugonjwa upewe sentensi mbili tu. Wengi hukosea hapa: kwa kuwa miezi ya hospitali ndiyo iliyo karibu kwenye kumbukumbu, wasifu hugeuka kuwa ripoti ya daktari, na mama wa miaka 46 ya ndoa anabaki kuwa mgonjwa. Kama kuna lalamiko juu ya matibabu, lina mahali pake, na si mbele ya jeneza.

Nakala ya msomaji ichapwe kwa herufi kubwa, saizi 16, upande mmoja wa karatasi, na kila ukurasa uwe na namba. Awepo msomaji wa pili amesimama kando yake, ameshausoma wasifu kwa sauti angalau mara mbili, tayari kupokea karatasi machozi yakimzidi wa kwanza. Maneno yako wewe kama mume yawe tofauti, yasomwe au usemewe na mtu unayemwamini, na yasirudie yaliyokwisha kusemwa. Aya moja yatosha. Umekaa naye miaka 46, kuna jambo alilojua bwana wake peke yake.

Kitambulisho cha mama kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1940, lakini sisi sote tunajua tarehe hiyo alipewa ofisini. Jina lake la nyumbani ni Nekesa. Alikuwa akisema vita vya Malakisi vilimkuta ameshaanza kubebeshwa kibuyu cha maji. Tuandike mwaka gani kwenye kijitabu cha mazishi?
*Binti, Kimilili*

Dada, wazee wengi nchini wana tarehe hiyo ya Januari mosi. Kipande, yaani kitambulisho cha enzi ya ukoloni, kilikuwa cha wanaume. Wanawake waliingizwa kwenye usajili baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978, wakati mama yenu alikuwa mtu mzima, na karani aliandika alichokadiria.

Mmebahatika kuwa na tukio linalojulikana. Polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dhehebu lililopinga ukoloni, pale Malakisi Februari 1948. Mtoto wa kike hubebeshwa kibuyu kidogo akiwa na miaka mitano hadi saba. Hiyo inamweka takriban kati ya 1940 na 1943. Nekesa ni jina la msimu wa mavuno, kwa hiyo halikupi mwaka, lakini linaitilia shaka Januari.

Sasa tafuteni ushahidi wa pili ulio huru na huo. Ulio bora kuliko yote ni daftari la ubatizo. Kwa Wakatoliki hukaa kwenye parokia alikobatizwa, hata kama baadaye alihamia kwingine, na pembeni mwa jina lake huongezwa kipaimara na ndoa. Nendeni na majina ya wazazi wake na la msimamizi wake wa ubatizo, maana akina Maria na Anna ni wengi mno kwenye ukurasa mmoja. Ushahidi mwingine ni kaka anayemfuata au anayemtangulia. Tohara ya Wabukusu hufanywa Agosti ya miaka ya shufwa, na mzee yeyote anaujua mwaka wake na rika lake. Hesabu hii ina ulegevu, kwa kuwa wavulana hawakutahiriwa wakiwa na umri mmoja, basi itumike kuthibitisha tu. Hatimaye angalieni kadi ya ubatizo ya kifungua mimba wake.

Familia za sehemu nyingine zinaweza kutumia vigezo vyao. Kandokando ya ziwa, wazee hukumbuka mvua kubwa na mafuriko ya 1961 na 1962, kuuawa kwa Tom Mboya tarehe 5 Julai 1969, na risasi za Kisumu tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo. Nakuru, tangazo la Hali ya Hatari, Oktoba 1952, ni mpaka ambao kila nyumba inaukumbuka. Majina pia husaidia, ila mjue mipaka yake. Atieno ni wa usiku, Achieng' ni wa jua la mchana, Chepkemoi ni wa usiku. Hayo ni saa za siku. Akoth na Cherop ni wa mvua, na hapo angalau mnapata dokezo la msimu.

Mkishakubaliana, kijitabu kiandike "alizaliwa takriban mwaka 1942, wakati wa mavuno". Ni kauli ya kweli na ina uzuri wake. Lakini cheti cha kifo kifuate kitambulisho kama kilivyo, hata kama mnajua kimekosea. Benki na mahakama hulinganisha karatasi hizi, na tofauti ya mwaka mmoja itawapeleka kuapa hati ya kiapo na kungoja.

Tulichapisha kijitabu cha mazishi ya nyanya yetu mjini Nakuru na picha ya jalada ikatoka kama imefunikwa na moshi. Mwenye saiba anasema picha tuliyomtumia ndiyo mbaya. Kwenye simu ilikuwa safi kabisa. Tunataka kurudia kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka.
*Mjukuu, Naivasha*

Mwenye saiba yuko sahihi. Kioo cha simu ni kidogo na husamehe. Uchapaji mzuri unahitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Jalada la A5 lina sentimita 14.8 kwa 21, kwa hiyo picha inayolijaza inahitaji takriban pikseli 1,750 kwa 2,480. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi hadi pikseli kama 1,600 upande mrefu, ambazo zinatosha urefu wa sentimita 13 na nusu na si zaidi. Ikishatumwa kwa watu watano, mmoja wao akaipiga skrini, mnachapa kivuli cha kivuli. Itumeni kama faili, kwa ile sehemu ya kuambatisha dokumenti, au mpeleke kwa flashi.

Kama mlicho nacho ni picha ya pasipoti tu, skaneni kwa 1,200 na sio 300. Picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5 itawapa karibu pikseli 1,650 kwa 2,125. Chembe za karatasi zitaonekana kidogo, lakini uso utakuwa uso. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu msiibandue, maana rangi itabaki kwenye kioo. Ipigeni ikiwa humo humo, kivulini karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na kioo, na mtu ashike kitambaa cheusi nyuma ya mpigaji ili kioo kisirudishe mwanga.

Kurasa ziwe 8, 12 au 16, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne. Mkipeleka kurasa 13, mtalipia tatu tupu.

Mama alikuwa mke wa pili, na mke mkubwa yu hai. Pia alikuwa na mtoto kabla hajaolewa. Shemeji zangu wanataka yote hayo yaachwe nje ya wasifu.
*Mwana wa pili, Busia*

Tunaona ni makosa kuyaacha. Kila aliyekaa kwenye hema anajua, na ukimya utasikika kuliko maneno. Mke mkubwa atajwe kwa jina, kama mke mwenza, kabla ya orodha ya watoto, na mpelekee karatasi aisome kabla haijachapwa. Huyo mtoto wa kwanza muulizeni mwenyewe anavyotaka kuandikwa. Jibu lake ndilo la mwisho, hata kama wajomba na shemeji hawapendi. Watoto waliotangulia mbele ya haki wabaki kwenye nafasi yao ya kuzaliwa, na neno "marehemu" mbele ya jina, na watoto wao waandikwe chini yao. Halafu jioni ya kabla ya kuchapa, orodha nzima isomwe kwa sauti mbele ya ukoo. Jina lililosahaulika huibua ugomvi unaodumu kuliko matanga yenyewe.

Gogo, nyanya yangu, alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kwa Kikalenjin kila Jumapili. Simu yangu imeanza kuzima yenyewe. Nitazihifadhi vipi?
*Mjukuu wa kike, Njoro*

Mjukuu wetu, usingoje wikendi. Kwenye simu ya Android fungua programu ya mafaili, uende Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Voice Notes. Utakuta mafolda yenye namba: tarakimu nne za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni wiki. Ndani yake faili huitwa mathalani PTT-20240310-WA0004.opus, na zile tarakimu nane ni tarehe, yaani 10 Machi 2024. Kwa hiyo Jumapili zako zinatafutika. Nakili folda lote kwenye kompyuta au flashi kabla hujagusa kitu kingine. Usiweke simu upya wala usitumie programu za kusafisha nafasi, kwa sababu sauti zinaweza kufutwa. Mwenye iPhone afungue mazungumzo yenyewe na kuyatoa pamoja na media zake.

Wekeni nakala tatu: moja kwako, moja kwa ndugu anayekaa mbali, moja kwenye hifadhi ya intaneti. Flashi hufa ghafla bila kukohoa.

Kisha ifanye kazi ya pili, ambayo watu wengi huiacha. Kila sauti iandikie mistari miwili: siku ile alikuwa akizungumzia nini, na kila jina alilotaja ni la nani. Leo unajua kwamba "yule wa ng'ombe" ni jirani fulani. Baada ya miaka kumi hutajua. Maneno ya Kikalenjin ambayo huna hakika nayo, mpigie shangazi mkubwa umchezee sauti, uandike anavyoyaeleza. Sauti za sekunde tano, za "umekula?", usizitupe. Na simu yake Gogo iwekwe mahali pakavu pamoja na laini yake. Namba isiyotumika kwa muda mrefu kampuni inaweza kumpa mtu mwingine.

Tulijengea kaburi la mama wiki mbili baada ya mazishi, tukaweka vigae vizuri. Masika yalipoisha upande wa miguuni ulikuwa umezama na vigae vimebanduka.
*Familia, Ahero*

Fundi aliharakishwa. Udongo uliorudishwa shimoni una hewa nyingi, nao huendelea kushuka kwa miezi, na zaidi sanduku linapolainika. Juu ya hayo, udongo mweusi wa Kano huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo chochote kilichokaa juu yake bila kitako kinachezeshwa.

Ondoeni saruji iliyovunjika, mrudishe tuta la udongo la sentimita 30, na mngoje. Mwaka mmoja ni kipimo kizuri, ili ipite masika na kiangazi, huku mkiongeza udongo kila unaposhuka. Ulizeni pia wazee wa boma kabla ya kurudi kugusa kaburi. Mkianza tena, bamba la zege lizidi shimo kwa sentimita 30 kila upande, likae kwenye ardhi ambayo haikuchimbwa. Unene uwe sentimita 10, na wavu wa chuma uwekwe katikati ya unene huo, ukiinuliwa kwa vijiwe, si kulazwa chini kwenye udongo. Mchanganyiko ni moja kwa mbili kwa nne: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga, ndoo saba za kokoto. Bamba la mita 2.7 kwa 1.5 litamaliza mifuko mitatu hivi. Maji yasizidi, zege linalotiririka kama uji ndilo hupasuka. Lifunikeni kwa magunia na kuyamwagilia kwa siku saba, asubuhi na jioni, na vigae vingoje mwezi mzima.

Maandishi ya jiwe yasomwe na watu wawili kwenye karatasi kabla ya kuchongwa.

Mboga ya mrenda ninayopika si kama ile aliyopika nyanya yangu. Natumia majani yale yale ya shambani kwake na bado ladha haifiki. Hakuwahi kuandika chochote.
*Mjukuu, Mbale, Vihiga*

Tunadhani kinachokosekana ni musherekha, na huenda umeweka magadi ya dukani badala yake. Musherekha ni maji ya jivu. Mabua na maganda makavu ya maharagwe huchomwa mpaka yawe jivu jeupe, hushindiliwa kwenye kopo lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi, kisha maji humiminwa pole pole juu yake. Yanayodondoka chini ni ya kahawia, na ya kwanza ndiyo makali kuliko yote. Hulainisha majani na kuyaacha ya kijani. Magadi hufanya hivyo pia lakini ladha yake ni nyingine. Jivu lenye mkaa mweusi hutoa maji machungu, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kwa kipimo, anza na kijiko kimoja cha mezani kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, kwa fungu moja kubwa la majani. Maji yatangulie, majani yafuate, sufuria iachwe wazi, dakika tano hadi kumi. Ukihisi ulimi unakereketa, umezidisha. Wengi huchanganya na majani ya kunde ili utelezi usizidi, na uwiano huo ndio siri ya kila nyumba. Waulize shangazi zako na wake wa wajomba waliopika naye jiko moja. Usiwaulize tu kwa maneno, maana watakwambia "kidogo". Waombe wapike mbele yako, na kabla mkono haujatia kitu chunguni, upokee kwanza kwenye bakuli na upime.

Kiganja chake hakipo, lakini kopo alilopimia pengine bado linaning'inia jikoni. Lijaze maji mpaka pale alipokuwa akikomea, huku shangazi akisema "hapo", kisha uyamimine kwenye jagi lenye alama na uandike mililita. Kama ndani ya kopo kuna mstari wa chumvi wa miaka, usilisugue kabla ya kupima.